Bibi Hakumaliza Kusema

Mchafukoge, Dar es Salaam
Jumapili jioni, mwezi wa Julai

Baba, shikamoo.

Hiyo ni salamu ya binti yako. Kuanzia mstari unaofuata anayekuandikia ni mama yako, kwa hiyo kaa vizuri. Nimeamua kukuambia yote, hata yale ambayo nikianza kuyasema mezani mkeo hunikanyaga mguu.

Nilipozaliwa ulinipa jina la mama yako, Manka, kama ilivyo desturi yetu kwa binti wa kwanza, na tangu hapo hukuniita jina hilo hata siku moja. Uliniita mama. Nikiwa darasa la kwanza ulikuwa unapanda ngazi ukitoka dukani Gerezani, mikono inanuka grisi, unasimama mlangoni na kuniamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?"

Majirani walikuwa wanacheka. Bibi mwenyewe, kila alipokuja kutoka Machame, alicheka kuliko wote. Alikuuliza inakuwaje mtu ana mama wawili na wote hawaletei kitu.

Sasa Bibi hayupo. Kesho alfajiri unapanda basi la Mwanza kwenda kuwa mchungaji wa tawi jipya la kanisa letu, na yule aliyepaswa kukuketisha chini kabla hujaondoka amelala Machame, kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, kando ya migomba yake. Nimebaki mimi. Mama mwenye miaka kumi na sita hana mengi ya kumuusia mwanawe, lakini machache niliyonayo nimeyapata kwa shida, na sitaki uondoke bila kuyachukua.

Sitakuambia ule kwa wakati, wala uvae sweta safarini. Mkeo ameyasema hayo tangu asubuhi huku akipiga pasi mashati yako, na najua atayasema tena stendi. Pia sitayatuma haya kwenye simu. Nikituma kwenye simu utanijibu kwa vile viganja viwili vilivyounganishwa, na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Sasa hivi uko kanisani, wanakuombea safari. Mimi nimebaki nyumbani kwa kisingizio cha mtihani. Barua hii nitaiweka juu ya Biblia yako, ndani ya begi, mahali ambapo huwezi kuiruka.

Kwanza ujue kwamba silaumu kuhama kwetu. Kuna watu wanadhani kanisa letu la zamani lilijaa Mungu na hili jipya limejaa taa tu. Mimi nakumbuka. Kule mabenchi yalikuwa magumu, matangazo yalikuwa marefu kuliko mahubiri, na mimi nilikuwa nasinzia begani kwako hadi wakati wa sadaka. Duka lako lilipoungua, jina lako lilisomwa kwenye matangazo, katikati ya ndoa na mchango wa viti. Kisha wakaendelea na ibada. Hakuna aliyekuja kukaa nasi. Nakumbuka ulivyosimama dirishani siku hiyo ukasema, "Mama, mimi nimesomwa tu. Sijaombewa."

Nilikuwa mdogo, lakini neno hilo sijalisahau, na ndilo lililotutoa kule.

Kwenye kanisa jipya, lile godauni lililokuwa la vigae, mtu wa mlangoni alikushika mkono siku ya kwanza, na wiki iliyofuata akakuita kwa jina. Ulilia. Nilikuona. Nikasema moyoni, hapa mwanangu ameshikwa, na tukakaa.

Nami nilipapenda, nisikudanganye. Nilijiunga na kikundi cha sifa, nikapewa gauni la njano kama wenzangu, nikasimama mbele karibu na ngoma. Zilipopigwa, kifua changu kilikuwa kinatetemeka, nami nikaamini kwamba huo ndio uwepo wa Mungu. Niliishi kwa kutetemeka huko karibu mwaka mzima. Jumapili moja nikasimamishwa upande wa pili wa jukwaa, nikaimba nyimbo zilezile kwa moyo uleule, na sikutetemeka. Kumbe siku zote nilikuwa nasimama mbele ya spika kubwa. Nilicheka peke yangu njiani, halafu nikaona haya, halafu nikaogopa kidogo, kwa sababu nilijiuliza: ukiondoa spika, mimi nina nini? Nilianza kusikiliza mahubiri kwa namna nyingine. Tulifundishwa kuvuka, kupanda, kupokea na kumiliki. Sikumbuki somo hata moja la nini mtu afanye akiwa hajavuka, amekaa palepale alipokuwa.

Wakati huo wewe ulikuwa umeshapewa kipaza sauti. Mtumishi, mchungaji wetu mkuu, alisema sauti yako haipaswi kupotea kwenye spea za magari. Ni kweli, sauti iliyozoea kushindana na nyundo za Gerezani haishindwi na godauni. Ukawa mshereheshaji wa ibada, unayewachangamsha watu kabla Mtumishi hajapanda. Ulikuwa hodari. Ukisema "Mungu ni mwema", watu walijibu "kila wakati" hadi mabati yanaitikia.

Halafu Bibi akaletwa Dar, tumbo likimuuma.

Jumapili ya kwanza ulimketisha safu ya mbele na mkeo. Mimi nilikuwa jukwaani, haya yafuatayo mkeo alinisimulia. Mashine ya moshi ilipoanza kupuliza, Bibi alimshika mkono kwa nguvu.

"Kuna kitu kinaungua?"

"Hapana mama, ni mapambo."

"Moshi?"

"Ndiyo, mama."

"Kwetu moshi ukitoka hivyo, watu wanakimbilia maji."

Tulilicheka hilo mpaka jioni, na wewe ulicheka zaidi. Ninaliandika hapa ili tulikumbuke kabla sijafika kwenye jambo ambalo hatujalizungumza, wewe na mimi, hadi leo.

Jumapili iliyofuata Mtumishi aliita wagonjwa mbele. Ulishuka ukamshika Bibi mkono, ukampandisha ngazi za jukwaa polepole, kama mtu aliyebeba kitu cha kioo. Mtumishi akaomba. Kisha akakuachia wewe umwulize, kwa sababu ni mama yako na watu walipenda hilo. Ukamsogezea kipaza sauti.

"Mama, unajisikiaje sasa?"

Bibi hakuwaangalia watu. Alikuangalia wewe.

"Leo ni afadhali kidogo, mwanangu. Lakini..."

Ukarudisha kipaza sauti mdomoni kwako.

"Amesema afadhali! Mgeukie jirani yako, mwambie amepona!"

Ngoma zikaingia, watu wakaruka, mtu mmoja akatupa skafu juu. Nilikuwa nimesimama nyuma yako kidogo, upande wa Bibi. Mdomo wake ulikuwa bado unatembea. Alikuwa anaendelea kukueleza, Baba, bila sauti, ndani ya ule moshi, hadi alipoona kwamba humwangalii tena, ndipo akanyamaza.

Wewe na mimi tunajua kwamba mzee wa kwetu akiulizwa hali mbele za watu husema afadhali. Husema hivyo hata akiwa hawezi kusimama. Ni adabu tu. Wewe umekulia kwenye adabu hiyo, na siku hiyo ukaichukua kama jibu la hospitali. Sidhani ulikuwa unadanganya. Nadhani ulitaka sana iwe kweli, na kipaza sauti kilikuwa mkononi mwako.

Baada ya hapo hakuna mtu wa kanisani aliyepanda ngazi zetu kumwona. Wangekujaje? Alikuwa ametangazwa amepona. Hukumnyima matibabu, hilo nalisema wazi: kila siku ya kliniki ulifunga duka ukatupeleka. Lakini ulikuwa unatuteremsha kona ya nyuma ya hospitali, na siku ya kwanza uliniinamia dirishani mwa gari ukasema, "Mama, hili tusilitangaze." Nikaitikia. Bibi alitazama pembeni. Tukaingia hospitali kama watu wanaotoroka.

Aliyekuja ni Mama Salma, jirani yetu wa mlango unaotazamana na wetu. Akishasali alasiri, akishawaachia wanawe duka la vitambaa pale chini, alikuwa anavuka ukumbi na sinia lake la mchele wa kuchambua.

"Bi Manka, leo vipi?"

"Leo si vizuri, Mama Salma."

"Haya. Basi nakaa."

Akavua ndala, akakaa mkekani, akachambua mchele wake. Wakati mwingine waliongea habari za bei ya ndizi, wakati mwingine hawakuongea kabisa. Hakumwambia kwamba atapona. Nilikuwa narudi shule nawakuta hivyo, Bibi amesinzia na uso wake umelegea, Mama Salma ameweka kidole mdomoni kunizuia nisipige kelele na begi langu. Nilikuwa nimetoka kwenye kanisa lenye watu wengi kuliko shule yetu nzima, na sikuwahi kuona huko mtu akimfanyia mwenzake hivyo. Nasema kanisa letu halikuweka nafasi ya kufanya hivyo. Ratiba yetu ina dakika za kila kitu, na ile saa kubwa ya kwenye skrini inazihesabu kurudi nyuma mbele ya macho yetu.

Alasiri moja Mama Salma alikuwa na wageni. Nikakaa mimi kwenye mkeka, nikamwuliza Bibi alitaka kusema nini siku ile, baada ya "lakini".

"Aa, hayo yameshapita."

"Niambie, Bibi."

"Unang'ang'ania kama baba yako alipokuwa mdogo." Akavuta shuka. "Nilitaka kusema, lakini naogopa. Nikifumba macho naogopa kwamba sitaamka. Wale watu walivyokuwa wengi vile, nikasema wakiniombea wote nisiogope, nitalala. Kupona nilimwachia Mungu. Ni hofu ndiyo nilitaka wanisaidie."

Baba, hilo ndilo lilikuwa ombi. Dogo hivyo. Tulikuwa na spika zote zile na hatukulisikia.

Nikamwambia, "Basi nikuombee mimi?"

"Unajua?"

Nikasimama, nikafunga macho, nikaanza kama tulivyofundishwa: tunakataa, tunavunja, tunang'oa. Sauti yangu ilikuwa imeshapanda nikamsikia anasema taratibu, "Manka. Unamfokea nani?"

Nikafumbua macho. Akapiga piga godoro nikae, akaushika mkono wangu, akasema maneno machache ya Kichaga ambayo sikuyaelewa yote, halafu akanyamaza. Nami nikanyamaza. Chini watu wa mikokoteni walikuwa wanapiga mbinja wapishwe. Nilisubiri kutetemeka, hakukuja. Kilichokuja ni kwamba kiganja chake, kilichokuwa kimekaza, kilifunguka kidogo kidogo ndani ya changu, na akalala. Sijui kama ile ilikuwa sala. Ninajua kwamba tangu siku hiyo kila kitu kingine ninachoambiwa ni sala nakipima na kile.

Bibi alipofariki, turubai lilifungwa pale chini na wapangaji wote wakatandika mikeka. Kanisa lilileta maua na spika mbili. Msaidizi wa Mtumishi akasimama akasema kwamba hapo hatulii, tunasherehekea. Nilikuwa nimeshaanza kulia, nikajikaza. Mama Salma alikuwa kando yangu, akanifunika bega na khanga yake. "Wewe lia, mwanangu," akaninong'oneza. "Kuna haja gani ya kuwa na bibi kama hatutamlilia?"

Tukampeleka Machame, tukamzika, tukarudi. Na Jumapili hiyo tuliyorudi, katika shuhuda za mwezi, Bibi akatokea kwenye skrini.

Alikuwa mkubwa kama ukuta. Alikuwa na kilemba kile cha bluu. "Leo ni afadhali kidogo, mwanangu," akasema, na hapo picha ikakatwa, na chini yake yakaandikwa maandishi ya dhahabu: AMEPONA. Mimi nilikuwa chini ya skrini na gauni langu la njano, nikitabasamu, kwa sababu tumefundishwa kutabasamu shuhuda zinapoonyeshwa. Nilitazama upande wako. Nilikuona umemwona. Nikasema sasa mwanangu atasimamisha kila kitu. Ukainua kipaza sauti.

"Mungu ni mwema!"

"Kila wakati!"

Sauti yako haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo lililoniogopesha. Sikukuchukia, Baba. Niliogopa kwamba umefika mahali ambapo kazi yako inaweza kuendelea bila wewe kuwamo.

Kama barua hii ingeishia hapo ungekuwa na haki ya kuichana. Lakini kesho yake nilipotoka shule nilipita Gerezani. Dukani mbele hakukuwa na mtu. Ulikuwa nyuma ya rafu za shokapu, umekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, umeweka uso kwenye kile kitambaa chako cha kufutia grisi. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Nilirudi nyuma nisikuaibishe. Akaingia mteja, baba mmoja mnene, ameshika kipande cha chuma kilichochakaa.

"Bosi, nataka kama hii. Haraka, gari liko juu ya jeki."

Ulijitokeza na macho mekundu. Ukakipokea, ukakifuta, ukakigeuza.

"Ilianza kulia lini?"

"Wewe nipe tu kama hii, kaka."

"Nitakupa. Lakini nieleze kwanza. Inalia wapi?"

Na yule baba akaeleza. Inalia kwenye tuta. Mvua ikinyesha hailii. Mkewe anasema inalia upande wake, yeye anasema ni upande wa dereva, wamegombana mpaka mkewe akashuka akapanda basi la mwendokasi. Alieleza na kueleza, na wewe, mwanangu, ulikuwa na macho yaliyotoka kulia, na ulimsikiliza hadi neno la mwisho. Hukumkatiza. Alipomaliza ndipo ukasema, "Basi tatizo si hii uliyoniletea," ukapanda ngazi ya rafu ukatoa nyingine. Ukamwambia pia, "Na hii niliyonayo si orijino, nakuambia mapema. Ukitaka orijino, nenda duka la tatu hapo."

Nilisimama pale nje nikawaza: mchungaji ninayemtafuta kila Jumapili ni huyu hapa, na anauza shokapu.

Nimelifikiria jambo hili wiki nyingi. Dukani hutoi kitu kabla mtu hajamaliza kueleza kinacholia. Dukani huwezi kumpa mtu cha bandia ukamwambia ni chenyewe. Hakuna aliyekufundisha hayo kwenye semina, ni tabia yako tu, na pengine umeitoa kwa Bibi. Nadhani kanisa halikukunyang'anya tabia hiyo. Liliiacha ikae Gerezani siku sita, na siku ya saba likakupa ratiba. Kule Mwanza, ratiba utaiandika wewe.

Sikuombi usiende. Nenda. Chukua ngoma, nazipenda. Skrini chukua, wazee wanasoma maneno ya nyimbo vizuri pale. Mashine ya moshi ningekuomba uiache, kwa heshima ya Bibi, lakini hata hilo sitaligombania. Nakuombea kitu kimoja, uende na sikio lako la dukani, na ninakuombea kwa mtindo wa Bibi, nikiwa nimekaa kitandani kwake, mkono umefunguka. Wakati mwingine nahisi kuna anayenisikiliza. Wakati mwingine sihisi chochote, ila nakaa. Sijaacha kukaa.

Desemba, nikishamaliza mtihani wa kidato cha nne, mimi na mkeo tutakufuata. Nitakuja Jumapili ya shuhuda. Nitasimama kwenye mstari na wale waliopata kazi na waliopata viza, na zamu yangu ikifika nitapanda. Nitasema: "Mimi naitwa Manka. Tuliomba Bibi yangu apone, na hakupona. Lakini..." Na hapo, Baba, nitahitaji muda. Kinachofuata baada ya "lakini" bado sijakijua chote. Ninaamini kipo, na ninaamini ndicho tulichohamia kanisa hili kukitafuta tangu siku ile uliposomwa tu. Lakini hakitoki haraka, na huenda watu wakaanza kukohoa, na saa kwenye skrini ikawa nyekundu, na wapiga ngoma wakakutazama wewe wakingoja ishara.

Nijibu kwa karatasi. Umpe dereva yule wa lori anayekushushia mizigo Gerezani, akipita Mwanza, atanifikishia. Usinitumie viganja. Nataka mwandiko wako, hata kama ni mstari mmoja, unijibu hili tu: nitakapofika kwenye hilo "lakini", mwanangu, utaniachia kipaza sauti mpaka nimalize?

Manka, mama yako